Mlima Wenye Mtoto Mgongoni

Juzi nilirudi kwetu, upande wa Nkololo, kwa sababu baba mdogo alituita tugawane mashamba. Kijana wa bodaboda alikuwa akinisimulia habari za mnada wa ng'ombe, nami nikawa namjibu kwa kunong'ona. Akasimamisha pikipiki akaniuliza kama naumwa koo. Nilicheka hadi machozi. Kumbe tulikuwa tumefika chini ya mlima, na mtu aliyelelewa na bibi yangu hapandishi sauti pale, hata awe na mvi kama mimi.

Si mlima wa kutisha. Ni mawe makubwa yaliyopandana, na juu kabisa jiwe moja la mviringo limeegemea jingine, kama mtoto aliyebebwa. Bibi alituambia kuwa ni mwanamke aliyetoka ziwani na mwanawe mgongoni. Aliketi apumzike, mtoto akapitiwa na usingizi, naye akaogopa kuinuka asije akamwamsha. Basi chini yake hatukupiga mluzi, hatukuitana kwa kelele, na ngoma ndiyo kabisa haikugusika.

Chini ya mlima ndipo ilipokuwa ngitili yetu, malisho ambayo bibi aliyafunga kwa miiba masika yote na kuyafungua kiangazi, ng'ombe wakishakosa pa kula. Sisi watoto tuliruhusiwa kuingia kuokota kuni na furu. Tulikula furu hadi ndimi zikawa nyeusi, huku pimbi wakiota jua juu ya mawe na kututazama kama wenye nyumba. Asubuhi za mvua ukungu ulishuka hadi kwenye mikwaju, nyasi zikanukia, na maji yakachuruzika mawe kwa mawe. Nimetembea sana tangu hapo, lakini harufu ile sijaipata kwingine.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika peke yake, na malipo ungeyasubiri hadi usahau. Sasa malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kushindana hadi vichochoroni, na kila mtu akaona ana shamba dogo. Baba mdogo, ambaye alitaka nyumba ya bati kabla ya kuoa, akaitazama ngitili akaona pamba.

"Mayu, lile ni jiwe," alimwambia bibi, mama yake, nasi tukiwa tunatafuna michembe ya viazi jikoni. "Jiwe halina mtoto."

"Sijakukataza," bibi alijibu. "Ngitili aliiacha baba yako, nawe ni mwanawe. Lima."

Lakini usiku ule hakula. Mimi nilimpenda bibi kuliko mtu yeyote, na kumwona akisukuma bakuli la maziwa kuliniuma.

Baba mdogo aliita kikundi cha kulima. Kwetu kikundi hakikujua jembe bila ngoma: ngoma ikilia, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, watu wanaimba, na shamba linakwisha wenyewe bado wanataka kucheza. Walikuja alfajiri, wamejipanga vizuri, hadi kwenye miiba. Hapo wakasimama.

"Piga," baba mdogo alimwambia mpiga ngoma.

Yule bwana alikuwa pia mpiga ngoma wa kwaya kanisani, mtu asiyeamini mizimu hata kidogo. Akautazama mlima, akakuna kichwa. "Ndugu yangu, mimi nina kichanga nyumbani. Najua kumlaza kulivyo kazi."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka walipo, wakaziba midomo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe wakajaribu kulima kimyakimya. Wee! Huyu anainua, yule anashusha, majembe yanagongana, mmoja nusura amkate mwenzake kidole. Jua lilipopanda walikuwa wamelima kipande cha kutosha mchicha. Bibi akawapelekea togwa na ugali wa mtama, akawashukuru kama waliomaliza ekari nzima, nao wakaenda zao.

Baba mdogo alinuna mwezi mzima. Mwaka uliofuata mvua ilikataa, na ng'ombe wa majirani wakawa wanainuliwa kwa mikia kwa kuishiwa nguvu. Wetu walikula ngitilini. Kwa ng'ombe wale wale baba mdogo alioa, na bibi harusi akaingia nyumba ya nyasi bila kulalamika.

Siku hizi vile vikundi vimekwisha. Siku nzima ya kugawana sikusikia ngoma shambani, na moyo uliniuma. Trekta huja, halisubiri mdundo wala halimuonei haya mtoto wa mtu. Ndiyo maana tulipofika ngitilini nilishikwa na hofu, maana mwana mkubwa wa baba mdogo alikwishapiga simu kuita trekta.

"Hapa hapagawiwi," baba mdogo alisema, ameegemea fimbo yake.

"Lakini baba, si ulisema mwenyewe kwamba ni jiwe?"

"Nilisema. Na hadi leo ni jiwe." Akatazama nyasi. "Lakini mama yangu alipapenda hapa, nami sina pengine pa kumkuta."

Mwanawe akatoa simu akamwambia mwenye trekta asije, kisha tukavuka kwenda kugawana shamba la mpunga.