Kompaila Mpya na Kompyuta ya Kwaya

Hadi leo nikipita kanisani Kirumba kwaya ikiwa mazoezini huwa naongeza mwendo, maana kina mama wakiniona wataniuliza, "Fundi, leo tunaimba wimbo gani?" nami nitacheka nao huku masikio yanawaka.

Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kuonyesha maneno ya nyimbo kwenye ukuta wa kanisa letu. Sasa, ili unielewe: unachoandika wewe, kompyuta haikielewi mpaka kipite kwenye kompaila, inayokigeuza kuwa programu ya kufunguliwa, na matoleo mapya ya kompaila huziacha nyuma kompyuta za zamani, programu isifunguke humo (hili nawafundisha wanafunzi wangu kila muhula, ndiyo aibu yenyewe). Jumamosi nikaona toleo jipya limetoka, nikalichukua, nikaigeuza programu upya, kwenye laptop yangu ikafunguka upesi kuliko mwanzo, nikalala nimeridhika.

Kesho yake baba yake Milembe, mchumba wangu, alitoka Misungwi kuja kuiona kazi yangu, kwa sababu alishamwambia bintiye kwamba hamwozi kwa mtu wa kubonyezabonyeza. Tukamkalisha mbele. Kompyuta ya kwaya ni ya mezani, kongwe kuliko baadhi ya waimbaji. Nikachomeka flashi, nikabonyeza, na kanisa zima likasoma ukutani kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii.

Mzee akamgeukia Milembe. "Huo ni wimbo namba ngapi?"

"Bado, baba. Anaandaa."

"Mbona wenzake wameshaanza?"

Kweli, kwaya ilikuwa imeanza kwa kichwa, nami nikabaki nimeinama nyuma ya kioo cha kompyuta mpaka sadaka ikapita.

Nje nikamwendea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo kitu ulikuwa umeijaribu?"

"Niliijaribu nyumbani, kwenye mashine yangu."

"Jumapili ijayo nitarudi."

Wiki ile nikarudia kompaila ya zamani, nikaijaribu programu kwenye kompyuta ileile ya kwaya, mabenchi yakiwa matupu. Jumapili maneno yakatokea. Kina mama hawakuyatazama hata kidogo; aliyeyatazama ni mzee, kavaa miwani, anaimba akichelewa neno moja nyuma ya wote.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, toleo jipya usiliogope, ila kabla hujalichagua kaa kwanza mbele ya kompyuta ya atakayeitumia programu yako.

Mzee alipokuwa anaondoka alimwambia Milembe, "Mwambie asiibadilishe tena."

Tumeshaoana. Sijaibadilisha.