Gadja Anunua Pikipiki ya Theluji

Gadja alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja siku alipotangaza dukani kwangu kwamba anataka kununua pikipiki ya theluji. Hakuwa amewahi kuiendesha hata kutoka ghalani mpaka mlangoni. Wanaume watatu walikuwa wamesimama karibu na jiko wakinywa kahawa, na mmoja wao, Piera wa ng'ambo ya ghuba, akakiweka kikombe chake chini polepole kama anayeogopa kukipasua.

"Ya nini, Gadja?"

"Ya kukalia," akajibu. "Ninyi zenu mnazifanyia nini?"

Hapa Suolojavri, kijijini kwetu kaskazini ya mbali, ziwa likishashika barafu, mtu asiye na pikipiki ya theluji hana kuni, hana samaki, na akifiwa na ndugu kule visiwani hafiki mazishini mpaka amwombe mtu. Kwa miaka thelathini na kitu Gadja hakuhitaji kumwomba mtu. Mumewe Heikka alishika usukani, naye akakaa nyuma kwenye sleji ya mbao iliyokokotwa na pikipiki, juu ya ngozi za kulungu tunaowafuga, akiwa amegeukia walikotoka ili upepo usimchome uso. Visiwa vyote vya ziwa hili alivijua kwa migongo yake.

Heikka alipofariki, haukupita mwezi, mdogo wake Ovla akaja kuchukua pikipiki.

"Shemeji, itaozea hapa bure," alisema. "Mimi nina kulungu wa kuchunga. Ukitaka kwenda nyavuni nipigie simu tu, nitakupeleka."

Gadja alikuwa bado na uzito wa msiba. Akamwachia.

Mara ya kwanza alipopiga simu, Ovla alikuja. Mara ya pili alikuwa mlimani. Baadaye akawa anaiacha simu ilie mpaka inyamaze. Nyavu zikakaa chini ya barafu bila kutazamwa hadi samaki wakaozea humo, na kwetu samaki kuoza wavuni ni jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Hatimaye Ovla akapokea simu, naye Gadja akamweleza yaliyotokea.

"Shemeji, kwa umri huo unatafuta nini ziwani?" Ovla akasema. "Kule mjini kuna nyumba nzuri za wazee, joto linatoka ukutani lenyewe. Kile kibanda cha kisiwani nitakitafutia mtu wa kukitumia, usijali."

Kibanda kile kilijengwa na baba yake Gadja. Ovla hakupiga hata msumari mmoja pale. Gadja alikata simu, akavaa koti, akaja moja kwa moja dukani kwangu kusema yale niliyoyaeleza.

Mimi ni binamu yake. Nina duka na pampu ya petroli pale gatini, kwa hiyo kila mwenye pikipiki ya theluji lazima apite kwangu. Gadja akaifanya pampu yangu shule. Kila asubuhi alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa, na kila aliyesimama kujaza mafuta alimuuliza swali moja tu: "Yako iliharibika nini?"

Hamna swali linalowafurahisha watu wa hapa kama hilo. Walimweleza habari za beliti zilizokatika katikati ya ziwa na kabureta zilizojaa maji. Mmoja alinunua mashine iliyopakwa rangi mpya, akaja kugundua chesisi yake ilipasuka ikachomelewa kama sufuria. Mwingine alionyeshwa injini ikinguruma vizuri kabisa, akafika nayo nyumbani, na kesho yake haikuwaka tena. Gadja alisikiliza, akauliza lilipo tatizo, akapiga magoti kwenye theluji akatazama chini ya mashine ya mwenyewe. Wengine walimcheka.

"Gadja, ulianguka na baiskeli mbele ya kanisa," Piera alimkumbusha.

"Nilianguka. Na nyumbani nilirudi na baiskeli hiyo hiyo."

Pesa alikuwa nayo kidogo. Kiangazi kizima alikuwa amechuma matunda ya kinamasi huku mbu wakimla shingo, akayauza, akapata euro mia nane. Kwa kiasi hicho mashine mpya ungeuziwa usukani wake tu. Tukatafuta zilizotumika. Tukaona tangazo la mtu mmoja wa mjini mwenye mashine nyekundu, picha zake zinang'aa, bei inalingana na mfuko. Nikafunga duka, nikafunga trela nyuma ya gari, tukaenda.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, aliyevaa suti ya kuendeshea yenye rangi ile ile ya mashine. Tulipofika, injini ilikuwa inanguruma.

"Nimeiwasha ili msisimame kwenye baridi, mama," alisema.

Gadja alivua glavu, akakigusa kifuniko cha injini. Kisha akachungulia chini. Theluji yote iliyokuwa chini ya ekzosi ilikuwa imeyeyuka mpaka nyasi zinaonekana.

"Umeiwasha tangu lini?"

"Sasa hivi tu."

"Izime," Gadja akasema. "Sisi tunakwenda kunywa kahawa. Tutarudi ikishapoa."

"Mama, mashine ni mashine. Ikiwaka imewaka."

"Mimi sitaiwasha sebuleni kwako. Nitaiwasha kisiwani, asubuhi, ikiwa imelala nje. Izime."

Tulikaa mkahawani tukala supu ya samoni na mkate mweusi, Gadja akinihimiza nisiharakishe. Tuliporudi mashine ilikuwa baridi kama jiwe. Yule kijana akashika kamba ya kuwashia, akavuta. Akavuta tena. Akafungua suti kifuani, akavuta mpaka mvuke ukawa unamtoka kichwani kama birika. Injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

"Ina haya mbele ya wageni," alisema akihema.

"Mimi sina," Gadja akajibu. "Twende, mdogo wangu."

Tulikuwa tumeshafika kwenye gari alipotupigia kelele, "Kwa pesa hizo hupati nyingine, mama! Labda ununue koleo la theluji!"

"Nitalichukua koleo," Gadja akasema bila kugeuka. "Huwa linafanya kazi siku ya baridi."

Njiani kurudi alizihesabu upya zile pesa zake. Nilidhani amekata tamaa, nikaanza kumwambia kwamba labda ningemkopesha, au ningempeleka nyavuni mimi Jumapili. Akanikatiza.

"Usinipeleke. Ukinipeleka Jumapili, nitavua Jumapili. Nataka kuvua Jumanne nikiamka na hasira."

Mashine aliyoinunua ilipatikana kwa mzee Eino, mkata kuni aliyestaafu, anayeishi mwisho wa barabara ya msituni. Haikuwa na tangazo. Habari zake zililetwa pampuni na mtu aliyesimulia jinsi binti yake Eino alivyomkataza baba yake kuendesha baada ya macho kufifia. Eino alitukaribisha kwa uso wa mtu anayeuza ng'ombe aliyemlea mwenyewe.

Mashine yenyewe ilikuwa mbaya kutazama: ya njano iliyochujuka, ndefu, pana, kiti kimeshonwa viraka vya ngozi. Ilikuwa mashine ya kuvuta mizigo, si ya kukimbia. Ilikuwa imesimama nje, na theluji ya usiku imelala juu yake haijaguswa.

"Sijaiwasha," Eino alisema. "Mtu anayeiwasha kabla ya mnunuzi hajafika ana jambo."

Akavuta kamba. Mara ya tatu ikawaka, ikatoa moshi wa bluu, ikatulia. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kuisengenya. Gia ya nyuma haifanyi kazi tangu zamani. Taa inaona karibu tu. Upande wa kushoto inapenda kuvuta, lazima uibishie. Gadja akapiga magoti, akashika mkanda wa mpira wa chini, akauzungusha kidogo kidogo akihesabu meno yaliyokatika kwa kidole. Akatikisa miguu ya mbele ya kutelezea kusikiliza kama inalia. Akafunua mahali pa beliti.

"Hii beliti imechoka," alisema.

"Imechoka," Eino akakubali. "Nina nyingine ndani. Utapewa."

"Na bei?"

Eino akataja. Ilikuwa chini kidogo ya alizokuwa nazo. Gadja akajaribu kumshusha, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa pampuni. Eino akatikisa kichwa.

"Bei ndiyo hiyo. Lakini simuuzii mtu ambaye sijamwona akiiendesha. Panda."

Hapo nilimwona Gadja akisita kwa mara ya kwanza. Alipanda, akakamata usukani kana kwamba ungemng'ata, akabonyeza mafuta. Mashine ikaruka mbele, ikauvuka ua, ikaenda kushoto ilivyopenda, ikapanda lundo la theluji na kulala ubavu. Gadja akatumbukia upande wa pili, ikabaki kofia tu inaonekana. Nikakimbia. Eino akanishika mkono.

"Mwache."

"Ameanguka!"

"Ameanguka hapa ambapo kuna joto na kahawa. Ziwani nani atakuja kumwinua?"

Akamsogelea, akasimama pembeni mikono mfukoni, akaanza kumwelekeza. Zima kwanza. Kanyaga theluji pembeni mpaka ishikane. Chimba mbele ya miguu ya kutelezea. Usinyanyue mashine nzima, nyanyua mguu mmoja, halafu mwingine. Gadja alichimba kwa koleo, akatukana kwa lugha yetu maneno ambayo Eino, asiye wa kabila letu, kwa bahati hakuyaelewa, akaiinua. Uso ulikuwa mwekundu na nywele zimeganda. Akapanda tena bila kuambiwa. Safari hii aliuzunguka ua, akaibishia kushoto, akarudi.

"Bei ndiyo hiyo?" akauliza tena.

"Ndiyo hiyo."

"Lete na hiyo beliti."

Wiki zilizofuata kijiji kizima kilikuwa na burudani. Alikwama mbele ya shule, akakwama nyuma ya posta, na kwa kuwa hakuna gia ya nyuma, kila alipokosea aliishika mashine mkiani akaigeuza kwa nguvu za mgongo. Watu walitoka kumsaidia, naye akawafukuza. Siku moja ghubani aliingia kwenye maji yale yanayojificha juu ya barafu chini ya theluji. Mkanda ukalowa, mashine ikazama mpaka kitini. Piera alimwona kwa mbali akaenda, na aliyoyaona aliyaleta kwangu mwenyewe. Gadja alikuwa amekata matawi ya msonobari ufukweni, ameyasukuma chini ya mashine, ameitoa, na amekaa juu yake akiparua barafu kwenye mkanda kwa kisu kabla haijawa ngumu kama saruji.

"Nikamuuliza kama anahitaji msaada," Piera alisema. "Akaniambia nisimame mbali, barafu haipendi wanene."

Hakumkumbusha tena habari za baiskeli.

Mwezi wa Machi, mwanga ulipokuwa umerudi sawasawa baada ya giza refu la majira ya baridi, Ovla alikwenda kisiwani na mgeni kutoka mjini, mtu wa kukodishia watalii vibanda. Mgeni huyo alipita kwangu baadaye kununua petroli, na mimi nikamuuliza, kwa hiyo haya nayajua. Walipokikaribia kibanda waliona moshi. Mashine ya njano ilikuwa imeegeshwa mlangoni. Ndani, Gadja alikuwa anakaanga samaki mweupe kwa siagi.

"Shemeji," Ovla akasema mlangoni. "Umeletwa na nani?"

"Funga mlango, joto linatoka."

Ovla akafunga. Mgeni akavua kofia, akasalimia, akasema kwamba ameambiwa kibanda hakina mtu.

"Uliambiwa na nani?" Gadja akauliza.

Mgeni akamtazama Ovla. Ovla akatazama jiko.

"Tulizungumza," Ovla akasema. "Nilikwambia nitakitafutia mtu."

"Ulizungumza wewe. Mimi nilikata simu." Akageuza samaki. "Umekuja na pikipiki ya Heikka nikaisikia tangu kwenye rasi. Inagonga. Beringi ya mbele imekwisha, na wewe unaipandisha milimani. Kaeni, mle. Mkishiba mtaondoka."

Wakala. Mgeni alisema hakuwahi kula samaki watamu namna ile, na alikuwa na adabu ya kutosha kutotaja tena habari za watalii. Ovla alimaliza samaki wake. Kisha wakaondoka, na Gadja akaenda kutazama nyavu zake.

Ovla hakumsalimia mpaka theluji ilipoyeyuka. Hata leo husema mbele za watu kwamba mwanamke wa umri ule kuwa peke yake barafuni ni kutafuta maafa, na sisemi kwamba amekosea kabisa. Mimi mwenyewe husimama dirishani upepo unapobadilika nikitazama upande wa kisiwa. Nilimwambia Gadja hivyo wakati fulani.

"Tazama tu," alisema. "Ila usipige simu. Mikono inakuwa na samaki."

Huu ni msimu wake wa nne. Mashine imebadilishwa beliti mara kadhaa na kiti kimeongezwa viraka. Ananiuzia samaki, mimi nawauzia wengine, na sasa sleji yake imekuwa fupi kwa mzigo. Ovla ana moja ndefu imelala nyuma ya ghala lake. Juzi Gadja alikwenda kumuulizia bei.

"Hiyo haikufai, shemeji," Ovla alimwambia. "Ni nzito, na mbao za chini zimepasuka."

Gadja alikuwa ameshavua glavu.

"Nitaitazama mwenyewe," akasema, akaanza kuifukua kwenye theluji.