Mtoto Aliyezaliwa Majini

Sheria ilisema kila mama azae hospitalini bure. Kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Kivu ilikuwa bado haijafika, kwa kuwa kila ofisi ilidhani kisiwa ni cha ofisi nyingine. Jambo hilo lilipotengenezwa, mimi mkunga wa Goma nikapanda boti kuwapelekea wakazi wake habari.

Nilieleza pale ufukweni, kati ya sambaza, wale samaki wadogo, walioanikwa. Akina mama walisikiliza kwa adabu, isipokuwa muuza sambaza mmoja mwenye mimba kubwa. Yeye alicheka wazi.

"Bule? Mama, hata hii boti haiko bule!"

"Bule kabisa. Uje ujionee."

"Nitakuja. Wakiniomba falanga, nitalala kwako mupaka huyu mutoto aoe."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, ila si sana.

Alikuja kweli. Asubuhi moja ya upepo, pikipiki ilisimama mlangoni pa hospitali yetu ikipiga honi kama ya harusi. Nyuma ya dereva alikaa yule mama, kitenge kimefungwa kifuani, na ndani ya kitenge mtoto wa kike analia. Uchungu ulimshika katikati ya ziwa. Wanawake aliosafiri nao walimpokea mtoto, wakamfunga kitovu na kukikata. Kondo la nyuma lilikuwa bado.

Papa wa mapokezi, mzee anayependa kanuni kuliko chai, akatuzuia. "Huyu amezalia kwenye maji. Bule ni ya wanaozalia hapa. Atalipa."

Mama akaniangalia. "Si nilisema?"

Nikamgeukia mzee. "Papa, kondo la nyuma liko wapi?"

"Nitajuaje?"

"Bado liko ndani. Lisipotoka, mama hajamaliza kuzaa. Atamalizia hapa!"

 Mganga mkuu wa hospitali, aliyekuwa anapita, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mumuingize," akasema. "Mukunga iko na haki."

Kondo likatoka zima. Mama akala ugali na sombe ya majani ya muhogo, hakulipa kitu. Alipotulia akaniambia kwa nini alicheka siku ile: dada yake alifia nyumbani akizaa, kwa kuogopa bei ya hospitali. Nilimshika mkono.

Aliporudi kisiwani, yeye ndiye aliyeieleza sheria, na bila shaka kwa ufundi kunishinda. Muda si mrefu wajawazito wawili wa kisiwani walishuka bandarini na mizigo yao, uchungu ukiwa bado haujaanza. Walipofika mlangoni petu, Papa wa mapokezi ndiye aliyewabebea mizigo.