Mikungu ya Ndizi Mkiani mwa Ndege

Kabla ya ajali ile nilikuwa mtu wa maringo. Nilijifunza kuruka kwa mwavuli jeshini, na niliporudi Machame sikualikwa harusi hata moja bila kuombwa nisimulie mawingu yanavyoonekana kutoka juu. Nilisimulia, na chumvi niliongeza. Nchi ilikuwa bado changa, kila sherehe ya Saba Saba ilitaka kitu cha kushangaza watu, na pale Moshi kitu chenyewe tulikuwa mimi na mwenzangu Elirehema.

Rubani wetu aliitwa Nikos, Mgiriki aliyezaliwa kwenye shamba la kahawa hapa hapa, anayejua Kichagga kuliko vijana wetu wa mjini. Mwaka wa ajali, kwa mara ya kwanza, mama yangu alikuja uwanja wa ndege kuniona nikiruka. Hakuja mikono mitupu. Alimletea rubani mikungu ya ndizi mshare na dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, kwani, alisema, mtu anayembeba mwanao angani humwachi aende kwake na njaa.

Nikos angekataa vipi? Alijua kwetu zawadi ya mama hairudishwi. Tena sisi tukisharuka, yeye alikuwa anapitiliza Arusha kwa mkewe. "Aika, Mae," alishukuru kwa Kichagga, akapakia vyote nyuma kabisa, mkiani. Hakupima.

Tulipofika juu, mimi na Elirehema tulisogea mlangoni pamoja. Mlango wa ndege ile ndogo ulikuwa nyuma, kwa hiyo uzito wetu ukajumlika na ule wa ndizi. Pua ikainuka. Injini ilinguruma lakini ndege haikwenda tena. Bawa la kushoto likazama, tukaanza kuzunguka huku tukishuka. Elirehema alitupwa nje na mwavuli wake ukafunguka salama. Mimi nilibanwa ukutani, mkungu shingoni, mbege ikinimwagikia machoni.

"Toka!" Nikos alipiga kelele. "Toka niokoe ndege!"

Nilitambaa nikisukuma ndizi mbele yangu, zikatangulia nje. Nilipochomoka, mkia ulinipiga paja la kulia, nikausikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Nilivuta mwavuli. Nikos naye, mkia ulipopungukiwa mzigo, aliweza kuinamisha pua, ndege ikamtii, akatua mzima.

Mimi nilitua migombani, nikatapika. Bibi mmoja aliyekuwa akikatia ng'ombe majani alinitazama, akazitazama ndizi zilizotapakaa, akasema, "Baba, kama ni zawadi, si ungepita njiani?"

Hospitalini daktari alininusa akasema, "Huyu amelewa." Niliapa kwamba sikuonja hata tone. Hakuniamini mpaka Nikos alipokuja kueleza.

Waliuvuta mguu kwa kamba na vyuma vizito, nikalala chali. Pale mfupa ulipotoboa ngozi, kidonda kikaoza. Usaha ulikuwa wa kijani, na harufu yake niliichukia mwenyewe. Daktari aliniambia bila kuzunguka, "Kidonda kisipokauka, mguu tutaukata." Nililia chini ya blanketi. Lakini sindano zilishinda, kidonda kikafunga, mfupa ukaunga.

Ndipo ugonjwa wa pili ukaanza. Kila waliponiteremsha kitandani, wodi nzima ilizunguka nami, nikang'ang'ania kitanda na kukataa. "Goti litakakamaa," daktari alionya, "na hutatembea tena."

Mama hakuja kuniona. Dada yangu Ndeshi ndiye aliyeleta mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Nilipomuuliza habari za mama, alisema, "Nikos alimweleza mambo ya uzito mkiani. Sasa anasema yeye ndiye aliyekuvunja."

Jumapili moja baada ya ibada, mama akasimama mlangoni mwa wodi. Mkononi alishika jani la isale. Kwetu Uchaggani anayeomba msamaha hupeleka isale, na anayepelekewa hawezi kukataa. Lakini mzazi kumpelekea mtoto wake? Sikuwahi kuona. Aliinamisha kichwa, akaanza kunijia.

Sikuweza kuvumilia mama yangu atembee wodi nzima kuniomba msamaha mimi nimelala. Niliweka miguu chini. Wodi ikazunguka. Niliiacha izunguke, nikaenda, nikishika kitanda cha huyu na cha yule, goti likiniuma mno, mpaka tukakutana katikati.

"Kaa chini, mwanangu, utaanguka."

"Mama, mimi nimeshaanguka kutoka juu zaidi ya hapa."

Alicheka huku machozi yakimtoka. Nikalipokea isale.

Namshukuru Mungu, daktari, Ndeshi kwa mtori wake, na Nikos, ambaye tangu siku ile alipima kila mzigo, hata sisi wenyewe. Mkipanda ndege ndogo mkaambiwa mpande mizani, msinune. Na wewe uliyelala wodini sasa, unaogopa kukanyaga sakafu, usingoje woga uishe kwanza. Wangu haukuisha. Nilitembea nao mpaka kwa mama.