Jiwe Lisilotaka Maji

Mume wangu kazi yake ni kusaga mawe. Usicheke. Anabandika kipande kwenye kioo kwa gundi, kisha anakisaga kwa unga wa msasa na maji mpaka kinakuwa chembamba kuliko karatasi, mwanga unapita, wasomi wa maabara wanakichungulia kwa hadubini. Mikono anayo. Masikio ndiyo hana! Miaka thelathini na moja hajakubali kuelekezwa na mtu.

Basi mwaka huu Daktari wa mawe, binti wa rika la kifungua mimba wetu, akamletea jiwe dogo kama kipande cha sabuni. Lilitoka kwenye kilima ambacho makaa ya mawe yaliwaka yenyewe chini kwa chini, yakayaoka mawe ya juu. Ndani mlikuwa na madini adimu, na jiwe lenyewe lilikuwa hilo hilo moja.

"Mzee, hili lisiguse maji."

"Sawa, Daktari."

Sawa gani! Alikata nusu, mkono ukaenda kwenye kopo la maji kama kawaida yake. Madini yakanywa maji, yakageuka unga mweupe.

Akarudi nyumbani amenywea. "Mama watoto, nimeharibu. Nusu iliyobaki Daktari anaipeleka ng'ambo, ikasagwe kwa mashine. Mimi basi tena."

Roho iliniuma, lakini hasira ilitangulia. "Si uliambiwa? Kesho nenda kaombe radhi, tena umuulize namna ya kusaga."

"Nimuulize mtoto yule?"

"Mtoto yule yule!"

Akaenda, shingo upande. Binti akamwelekeza: asage kwa mafuta ya taa, taratibu, na akampa nusu ile. Siku tatu alinuka kama kibatari, nikamhamishia kwenye kochi la sebuleni, na huko nako nikafungua madirisha.

Siku ya nne Daktari aliweka kipande kwenye hadubini. Alitazama muda mrefu, mzee wa watu akaanza kuomba Mungu kimoyomoyo. Halafu binti akainuka kitini.

"Kimetoka. Kaa hapa, Mzee, uangalie mwenyewe."

Miaka yote hiyo anawasagia, hakuna aliyewahi kumwita naye achungulie.

"Ukaona nini?" nikamuuliza aliporudi.

Mbishi wangu akafungua mdomo, machozi yakamtangulia.

"Rangi, mama watoto. Kumbe nilikuwa nasaga rangi."