Siku Redio Ilipopiga Nyimbo za Baba Tu

Mpaka leo, redio ikipiga nyimbo tatu za mwimbaji mmoja mfululizo, mtangazaji kimya, natafuta mahali pa kukaa. Hofu hiyo niliipata nikiwa na miaka tisa, Jumamosi moja mchana, kwetu Buffalo, Marekani.

Baba yangu alikuwa mwimbaji wa kantri. Usicheke. Wiki nzima alifunga maboksi katika kiwanda kimoja cha Tonawanda, na Jumamosi moja kila mwezi alivaa kofia yake pana, akaendesha gari hadi Louisville kuimba katika kipindi cha Kiswahili redioni. Njiani alipumzika Columbus kwa dada yake. Aliimba habari za milima ya Kivu, kule Kongo tulikotoka, ng'ombe na theluji, na watu wetu wa miji yote mitatu walimpenda. Mimi niliionea haya ile kofia.

Siku hiyo baba alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Louisville, na mama alifungua kipindi kwenye simu, akaiegemeza kwenye bakuli la unga. Wimbo wa baba ukaisha, ukaja wa pili, wa tatu, wa nne, zote alizorekodi zamani, bila hata salamu. Mama alimpigia, simu yake ilikuwa imezimwa. Sikujua kwamba kule nyumbani redio hupiga hivyo mwimbaji akifa.

Wenzetu walijua. Maji ya chai hayajachemka, Mama Furaha, jirani yetu, akaingia. Halafu wanakwaya wawili. Halafu mchungaji na mkewe, kutoka Lackawanna. Kwetu habari ya msiba haisemwi kwa simu wala na mtu mmoja. Watu hukusanyika kwanza, kisha mkubwa wao ndiye husema. Wakakaa kwenye makochi wakitazama zulia.

"Bon, mama, ukae kidogo," mchungaji alisema.

"Kwanza munywe chai," mama alijibu.

Akamimina. Kikombe kikifika nusu, alikijaza. Mchungaji alikunywa vikombe vinne, na kila alipokohoa ili aanze, mama alimsogezea sukari. Nilizisoma nyuso za wageni nikaelewa, ila nilidhani mama peke yake hajui kitu. Nilimhurumia, nikamkasirikia pia. Nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni nikimwomba Mungu anisamehe habari ya kofia.

Simu ililia, namba ngeni. Mchungaji alinyoosha mkono, lakini mama alimtangulia, akaweka spika.

"Mama Neema, ni miye," sauti ya baba ilisema. "Gari iliharibika huku Columbus, na simu yangu ilizima. Niko naita na simu ya fundi. Donc, kule redio walipiga hata wimbo yangu moja kujaza saa yangu?"

"Walipiga zote," mama alisema. Akakaa chini sakafuni, birika bado mkononi.

Watu walicheka huku wanalia. Mchungaji aliuliza choo kiko wapi. Mimi nilikimbia kumkumbatia mama, na nilifurahi kuliko sikukuu yoyote niliyowahi kuiona.

Mwaka jana tu, tukiosha vyombo, nilimuuliza ilikuwaje siku ile hakushtuka hata kidogo. Alikausha kikombe polepole.

"Nilijua tangu Mama Furaha aliingia bila kunisalimia," alisema. "Nikasema, wakiwa wangali wanakunywa, baba yako angali muzima."