Mji wa Kaka Uliobaki Kisenyi

Juma lililopita nilishuka Kisenyi kununua mausi mpya ya kompyuta. Ya zamani ukiibonyeza mara moja ilikuwa inabonyeza mara mbili, na kwenye gemu za vita tabia hiyo inaua. Mama aliyekuwa akiuza alinifungia vizuri kwenye karatasi, akaniuliza kwa heshima ya Kiganda, "Unapelekea mtoto, nnyabo?" Nikamwambia ni yangu mwenyewe. Akanitazama kuanzia ushungi mpaka viatu, akacheka kwa adabu, akanirudishia chenji. Nilipotoka nje ndipo nilipotambua niliposimama. Ghorofa lile la vioo limejengwa palepale palipokuwa duka la jirani yetu Msomali, na ngazi niliyokuwa nimeikanyaga imepita juu ya chumba nilichochezea utoto wangu. Watu walinipita na mabunda yao vichwani, mmoja akanisukuma kando kwa kiwiko.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo, Old Kampala, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi. Tulikuwa watatu tu: bibi, kaka na mimi. Wazee wa bibi walikuja huku na biashara kutoka pwani, na yeye hakukubali Kiswahili cha mjini kivuke kizingiti chake. Ukiingia ukasema "hii kitu iko wapi," alikurudisha nje, uingie upya na useme sawasawa. Asubuhi za likizo mimi niliteka maji kwa madumu na kufagia ua, na kaka alifanya kazi za kukaa: kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu, kukatakata sukuma wiki. Hakuwa mvivu. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, na akikimbia sana au akipigwa na baridi mifupa ilimuuma mpaka akalia kwa sauti, naye alikuwa na miaka kumi na mitatu na aliona aibu kulia. Mpira wa mtaani aliutazama akiwa juu ya ukuta.

Kwa ajili hiyo bibi alimruhusu kwenda dukani kwa jirani, kwa sharti kwamba mimi, mdogo wake kwa miaka miwili, nifuatane naye. Tulitoka baada ya kula, na adhana ya alasiri ikisikika kutoka mlimani tulipaswa kuwa tumeshaondoka. Hakuna saa iliyotupimia muda, ila misikiti. Na Kisenyi misikiti ni mingi, haiadhini pamoja, kwa hiyo kaka alikuwa na hila ya kusema tunangoja ule wa mwisho.

Sasa nikueleze lile duka, maana bila hilo hutanielewa. Jirani alinunua kompyuta kuukuu zilizotoka ng'ambo, zimepangwa kwenye kontena kama matofali. Zilifika na kila kitu cha wenyewe wa kwanza: picha za harusi za watu tusiowajua, barua kwa lugha tusizozisoma, na gemu. Kabla ya kuuza, jirani alifuta vyote, na kazi hiyo aliiita kuosha. Kati ya kufika na kuoshwa ndipo tulipopata zamu yetu. Tulikaa juu ya makasha, pua zikiwa zimejaa harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya na vumbi lililopata moto, nje mafundi wa magari wakigonga bodi, na mke wa jirani akitupitishia anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai ya maziwa iliyojaa iliki. Gemu iliweza kudumu siku tatu, au wiki. Ukirudi kesho ukakuta kompyuta imeuzwa, basi imekwenda. Ndiyo sababu mpaka leo nacheza kwa pupa, kama mtu anayekula daku amesikia muadhini akikohoa.

Nilizicheza nyingi, na maoni yangu juu yake sijayabadilisha. Gemu za mbio za magari sikuzipenda na sizipendi. Unakwenda kasi, unatoka jasho, unarudi palepale ulipoanzia, halafu unapewa kikombe. Za mpira zilipendwa na watoto wote wa pale, wakavunja vibonye vya kibodi kwa ubishi, lakini mpira wenyewe ulinata mguuni kama ulimbo, na mwamuzi hakuwahi kuona kitu. Za kupiga risasi zilikuwa za watoto wa maaskari waliokuja kutoka kwenye kambi ya polisi. Walicheza kimya kabisa, kwa uzito, kama wanarithi kazi. Mimi zilinichosha, kwa sababu maadui walikuwa wajinga: unamuua mmoja mlangoni, na wa pili anatokea mlango uleule, hata kujiuliza mwenzake yuko wapi hajiulizi. Kulikuwa na gemu ya falme, ambamo wakulima wadogo walikata miti mchana kutwa na kuitikia kila amri. Hiyo niliipenda mpaka siku nilipowasahau msituni nikaenda kunywa chai, na niliporudi wote walikuwa wamekufa wakikata. Ya nyumba ya mazimwi tuliicheza siku moja tu, kwani jirani alituzimia akisema shetani hahitaji mwaliko.

Gemu za leo? Nzuri kwa macho. Majani yanatikisika, maji yanang'aa, na kuna mshale unaokuongoza hatua kwa hatua kama kipofu anayevushwa barabara. Nazicheza kila jioni nikitoka kazini. Nikizimaliza sikumbuki jina la yeyote aliyekuwamo.

Lakini gemu ya kujenga mji ilikuwa kitu kingine. Ilifika ndani ya kompyuta moja pana, yenye feni iliyonguruma kama mashine ya kusaga, na kwa sababu ya kelele hiyo hakuna mnunuzi aliyeitaka. Ikakaa miezi mitano. Hatukuwahi kupewa muda kama huo na kitu chochote. Mimi niliruhusiwa kuchagua rangi za paa na kutangaza moto ukiwaka. Mengine yote yalikuwa ya kaka.

Watu wengi huijaza gemu ile majumba mpaka pasiwe na pa kupumua. Kaka alianza kwa kuacha. Kisenyi ikinyesha mvua kubwa mfereji hufurika, na tulishawahi kumsaidia jirani kubeba kompyuta juu ya meza huku maji machafu yakitufika magotini. Kwa hiyo katika mji wake mabondeni hapakujengwa kitu. "Hapa chini pakae majani tu," alisema. "Maji yakija yapite, yasimkute mtu." Nyumba alizipandisha vilimani, soko akaliweka kwenye kituo cha mabasi ili mama wauza ndizi wasitembee mbali, na hospitali akazijenga tatu, zote karibu na shule. Mto ulipita katikati, na ng'ambo yake kulikuwa kutupu. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini hajengi kule, naye alijibu kwamba bado anafikiri. Umeme ulipokuwa ukikatika ovyo alinifundisha msemo wake mmoja, nami nilikuwa nikiuimba njiani: hifadhi kwanza, furahi baadaye. Alitaka kuwa mhandisi wa miji. Angeweza. Nasema hivyo si kwa sababu ni kaka yangu. Nimeona miji mingi ya watu wengi tangu wakati huo.

Miezi mitano hiyo ilipokuwa inakwisha, baridi ilimpata na akalazwa. Siku ya tatu nilishuka dukani peke yangu kumwangalizia mji, nikamkuta jirani anapangusa vumbi ile kompyuta pana.

"Kale, sawa, umekuja vizuri," akaniambia. "Mwalimu moja ya Masaka nachukua hii kesho. Shule yake haijali kelele. Shika diski, toa kitu yenu, jioni mi naosha."

Akanipa disketi ya bluu, akatoka mbio kupokea mzigo kwenye stendi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilijua kufungua gemu kwa kubonyeza kijipicha cha nyumba nyekundu kilichokaa kwenye kioo, na kwangu mimi kijipicha kile ndicho kilichokuwa mji, maana kila siku tuliingilia hapo. Nikakiburuta mpaka kwenye disketi. Kiliingia mara moja, wala hakikusumbua. Nikakagua, nikakiona kimo ndani, nyumba nyekundu ileile. Nikamshukuru Mungu kwa wepesi wa kazi.

Hospitalini kaka alikuwa na mpira wa maji mkononi na midomo imekauka. Nilipomwambia kompyuta inauzwa alifumba macho. Nilipomwambia mji uko kwenye disketi alifumbua, akanyoosha mkono. Aliiweka chini ya mto wa kulalia siku tisa. Muuguzi alipokuja kubadilisha shuka, kaka alimwambia aishike kwa uangalifu, kuna watu humo ndani. Bibi akasema mtoto huyu homa imempanda kichwani, lakini alikuwa anatabasamu. Nami nilikaa kwenye benchi nikijiona mtu mkubwa, mtu aliyeokoa kitu.

Alipopata nafuu tuliteremka pamoja, polepole, tukipumzika kila penye kivuli. Jirani alikuwa ametuwekea kompyuta nyingine, nyembamba, isiyo na kelele. Kaka akaingiza disketi. Nyumba nyekundu ikatokea. Akaibonyeza, na kompyuta ikaandika kwamba inachokitafuta haikioni. Akabonyeza tena. Mimi nilidhani mashine ni nzito, nikamwambia aipe muda. Akaipa muda. Alibonyeza pengine mara kumi, kila mara kwa utaratibu uleule.

Jirani alikuja na kikombe chake mkononi, akainama, akatazama.

"Nani alitoa hii?"

"Mimi," nikasema.

"Bambi, pole, mtoto. Hii ni picha ya mlango tu. Nyumba yenyewe ilibaki ndani ya ile ingine."

"Si tumwombe huyo mwalimu," kaka akasema.

"Ile niliosha. Hakuna kitu ndani." Akaweka kikombe chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu mzima hajui aangalie wapi. "Mi natafuta gemu ile, naweka hapa, mnaanza upya. Sawa?"

"Asante, mzee," kaka akamjibu. "Sina nguvu ya kuanza."

Alisema kwa adabu, kama anayekataa chakula. Njiani nililia mpaka kamasi, naye akaniambia ninyamaze, si kosa langu, ningejuaje. Heri angenizaba kofi. Bibi aliposikia alisema maji yakimwagika hayazoleki, akanituma dukani kununua chumvi. Kwake ilikuwa michezo ya watoto.

Jirani hakuvunja ahadi. Gemu ile aliipata kabla ya mwezi kwisha, akaiweka, akatuma salamu. Kaka hakushuka. Nilishuka mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko disketi yenyewe: nilivunja kitu chake, kisha nikaenda kucheza. Alimaliza shule ya msingi, akaanza sekondari, akaiacha kwa sababu ya kulazwa kila mara, na siku zilizobaki alikaa barazani akisikiliza redio. Watu walisema ni ugonjwa. Huenda ni ugonjwa kweli, sikatai. Lakini mimi nilimwona kabla na nilimwona baada, na najua ni siku gani aliacha kupanga mambo ya kesho. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa. Bibi akamfuata. Jirani alihamisha jamaa yake yote, wengine wanasema Nairobi, wengine Ulaya, na duka likabomolewa na kila kilichokuwamo.

Nimejaribu kuujenga mji ule tena. Nina kompyuta yenye nguvu sasa, nina gemu nne za kujenga miji, na zote zinajihifadhi zenyewe mahali nisipopajua, hata ukitaka kupoteza hupotezi. Naacha mabonde yenye majani. Napandisha nyumba vilimani. Soko naliweka kwenye kituo cha mabasi, na hapo naanza kubahatisha. Shule ilikuwa kushoto kwa hospitali ya pili, au ya tatu? Msikiti ulitazama wapi? Kila ninapoweka kitu najua kwamba nimekosea, na sijui nimekosea nini. Walioujua mji ule walikuwa watu wawili, na mmoja alikuwa anachagua rangi za paa.

Nilimuuliza mwenyewe, mara moja tu, mwaka wake wa mwisho. Alikuwa barazani anamenya chungwa, jua la asubuhi limempiga miguuni, siku yake nzuri. Kwa miaka yote hiyo hatukuwa tumelitaja jambo lile. Nikajipa moyo.

"Kaka, ng'ambo ya mto ulitaka kujenga nini?"

"Mto gani?"

"Wa mji wako. Kule dukani."

Hakuwa ananikwepa. Aliacha kumenya akafikiri, akakunja uso kama mtu anayetafuta jina la mwanafunzi mwenzake wa zamani, kisha akanitazama.

"Kulikuwa na mto?"

Nikamwambia ulikuwapo. Akaitikia kwa kichwa, akanikatia kipande cha chungwa, na tangu siku ile hata mimi sina hakika.